Kumtumikia Mungu kwa moyo wote kwa kile ulichopewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa chini huja kwa sura nyingi, lakini mengi yake yana mzizi mmoja: hofu kwamba Mungu anahesabu tusichokuwa nacho. Majibu yamefuata Maandiko, na sura na aya zimetajwa ili ufungue usome mwenyewe, maana aya nyingi kati ya hizi zimezoeleka mno kwa kunukuliwa vipande vipande. Si lazima usome kwa mpangilio. Anza na swali linalokugusa.

Sina kipawa chochote. Nitamtumikiaje Mungu?

Mara nyingi anayesema hivi anamaanisha kwamba haimbi na hahubiri. Tumezoea kuita huduma yale tu yanayofanyika mbele ya watu, kipaza sauti kikiwa karibu, na asiyeweza kusimama pale anajiona mtazamaji. Orodha ya Paulo katika Warumi 12:6-8 ni pana kuliko hivyo. Humo mna unabii na kufundisha, lakini pia mna kutoa, kusimamia, na kuwahurumia watu kwa furaha. Na katika 1 Wakorintho 12:28, kusaidia na kuongoza vimewekwa safu moja na miujiza na uponyaji.

Musa alipoitwa alikuwa akichunga kondoo, tena wa mkwewe. Mungu akamwuliza ana nini mkononi (Kutoka 4:2). Alikuwa na fimbo, chombo cha kazi yake ya kila siku, ambacho hata hakukifikiria. Fimbo hiyohiyo ndiyo aliyokwenda nayo Misri. Jambo linalosahaulika ni lile lililofuata katika mazungumzo hayohayo. Musa alilalamika kwamba ni mzito wa kusema. Hatusomi kwamba ulimi wake ulifunguliwa papo hapo. Tunasoma kwamba alipewa Haruni. Upungufu wake ukawa mlango wa mtu mwingine kuingia kazini.

Kwa hiyo badala ya kujiuliza una kipawa gani, jiulize watu hukujia kwa jambo gani. Kuna mtu ambaye kila ugomvi ukizuka huitwa yeye. Kuna anayekabidhiwa fedha za kikundi kwa sababu hesabu zake hazina mashaka. Kuna anayeweza kukaa na mgonjwa saa nzima bila kuchoka na bila kumchosha. Waliokuzunguka huwa wamekwisha kuona ulichopewa kabla wewe hujakipa jina.

Kwa nini mwingine apewe tano na mimi moja?

Swali hili linatoka kwenye mfano wa talanta, Mathayo 25:14-30, ambamo bwana anayesafiri anawakabidhi watumwa watatu fedha zake, mmoja talanta tano, mwingine mbili na wa tatu moja. Linastahili muda.

Kwanza, hata moja ilikuwa nyingi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika Mathayo 20:2, na talanta moja ilikadiriwa kuwa kama dinari 6,000. Hiyo ni kazi ya miaka ipatayo 20. Mtumwa wa tatu, tunayemwonea huruma kama mtu aliyepunjwa, alikabidhiwa mali ambayo kibarua wa kawaida angeitafuta sehemu kubwa ya maisha yake.

Pili, soma aya ya 21 kisha ya 23. Aliyeleta talanta tano za faida na aliyeleta mbili walisifiwa kwa maneno yaleyale na kualikwa kwenye furaha ileile. Bwana wao hakutaja hata tofauti ya hesabu zao. Aliangalia uaminifu.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: mtumwa wa tatu hakuiba wala hakutapanya. Alirudisha mali yote ikiwa salama. Kosa lake linaonekana katika maneno yake mwenyewe, kwamba alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, anayevuna asipopanda, kwa hiyo akaogopa na kwenda kuificha ardhini. Alikuwa na picha mbaya ya bwana wake, na picha hiyo ikamfunga mikono. Ninaamini wengi waliozika walichopewa si wavivu kwa asili. Wanamwogopa Mungu kama mkaguzi anayesubiri wakosee, na asiyefanya kitu hujiona hawezi kukosea.

Kuna mfano mwingine unaofanana, Luka 19:11-27, lakini katika huo watumwa kumi wanapewa kiasi sawa, fungu moja moja. Mmoja anazalisha kumi, mwingine tano, na thawabu zao zinatofautiana. Ukiisoma mifano hii pamoja, hupati nafasi ya kulalamika kwamba ulipewa kidogo, wala hupati nafasi ya kusema juhudi haijalishi.

Nitajuaje kama natumika kwa moyo wote au nusunusu?

Wingi wa kazi haukupi jibu. Mfalme Amazia wa Yuda ameandikiwa kwamba alifanya yaliyo sawa machoni pa Bwana, ila si kwa moyo mkamilifu (2 Nyakati 25:2). Sura hiyo ina habari nzuri sana kwa anayetaka kuuona moyo nusu ukifanya kazi. Amazia alikodi askari 100,000 kutoka Israeli kwa talanta 100 za fedha. Mtu wa Mungu akamwambia awaache. Swali la kwanza la Amazia lilikuwa: na zile talanta mia je? Alitii, lakini jicho lilibaki kwenye fedha. Kisha akawashinda Waedomu, akabeba miungu yao iliyoshindwa kumwokoa mtu yeyote, akaisujudia. Mtu anaweza kutii, akashinda vita, na bado moyo ukawa unatafuta kwingine pa kuegemea.

Mweke kando yake Kalebu. Imeandikwa alimfuata Mungu kwa utimilifu (Hesabu 14:24), na akiwa na miaka 85 hakuomba bonde lenye utulivu. Aliomba nchi ya milima iliyokuwa bado inakaliwa na Waanaki, watu walioogopwa kama majitu (Yoshua 14:10-12).

Kuna vipimo vichache vinavyonisaidia. Unafanyaje pale ambapo hakuna atakayejua? Usiposhukuriwa, kazi inashuka ubora? Mwingine akipewa nafasi uliyoitamani, unaendelea kuja? Yesu aliligusa jambo hili katika Mathayo 6:1-4, alipoonya juu ya kutoa sadaka ili tuonekane.

Na isidhaniwe kwamba moyo wote maana yake ni kujisikia furaha kila siku. Ipo siku utakwenda kumhudumia mtu huku umechoka na huna hamu kabisa. Ukienda hivyohivyo kwa sababu ya Bwana, hujaenda nusunusu.

Je, niache kazi ili nimtumikie Mungu?

Wapo walioitwa kuacha. Simoni na Andrea waliacha nyavu zao (Marko 1:16-18). Lakini Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, ingawa ndizo kazi ambazo tungetegemea awaambie waziache. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari aliwaambia wasidhulumu mtu wala wasimshitaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao (Luka 3:12-14). Toba yao ilitakiwa ionekane palepale kwenye meza ya ushuru na katika zamu ya ulinzi.

Mmoja wa watu wa kwanza kabisa katika Biblia kusemwa kwamba alijazwa Roho wa Mungu alikuwa fundi. Bezaleli wa kabila la Yuda alijazwa Roho apate kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, kuchonga vito na kuchonga miti, pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani (Kutoka 31:1-6). Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi, alipofariki wajane walisimama wakilia huku wakionyesha kanzu na nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Hakuna hotuba yake hata moja iliyoandikwa. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:1-3), na ni wanandoa hao mafundi ambao baadaye walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Historia ya kanisa nayo ina watu wa namna hii. Johann Sebastian Bach (1685-1750) aliandika herufi S.D.G., yaani utukufu kwa Mungu peke yake, mwishoni mwa nyingi za kazi zake za muziki. Katika karne hiyo ya 17 aliyozaliwa Bach, Ndugu Lawrence alikuwa mtumishi katika nyumba ya watawa Wakarmeli jijini Paris. Alifanya kazi jikoni, baadaye akatengeneza viatu, na watu walimfuata kwa ushauri kwa sababu alizungumza na Mungu katikati ya masufuria kama wengine walivyofanya kanisani.

Aya inayonukuliwa zaidi hapa ni Wakolosai 3:23, lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana. Hupendeza ukutani ofisini. Ila tusisahau kwamba maneno hayo aliambiwa mtumwa, mtu ambaye hakuichagua kazi yake na hakulipwa stahili yake. Paulo anampa heshima ambayo jamii haikumpa: bwana wako halisi ni Kristo, naye atakulipa urithi. Mistari michache baadaye anawageukia mabwana na kuwaamuru watende haki na usawa, kwa sababu nao wana Bwana mbinguni (4:1). Mwajiri anayewasomea wafanyakazi wake aya ya kwanza na kuiruka ya pili hajaisoma Biblia, ameitumia.

Jambo moja la kuongeza, kwa kuwa linaaibisha: kazi mbovu haiwi takatifu kwa kuanzwa na maombi. Malaki aliwaambia waliotoa wanyama vipofu na vilema madhabahuni wajaribu kumpelekea liwali wao waone kama atapendezwa (Malaki 1:8). Fundi anayelipwa na kulipua kazi, kisha akaenda kuimba kwaya, bado hajatoa sadaka ya jasho lake.

Kipato changu ni kidogo mno. Sadaka yangu ina maana yoyote?

Ndiyo. Yesu alikaa kuelekea sanduku la hazina akitazama watu wakitoa, na kati ya wote aliyemwitia wanafunzi ni mjane aliyetia sarafu mbili ndogo kabisa (Marko 12:41-44). Alisema ametoa kuliko wote, kwa kuwa wengine walitoa katika ziada.

Lakini rudi nyuma kidogo, usome aya ya 38 hadi 40. Dakika chache kabla, Yesu alikuwa akiwalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Mjane anaingia mara baada ya maneno hayo. Yeyote anayemtumia mjane huyu kuwabana maskini watoe hadi chakula cha watoto wao, ajue yuko upande gani wa habari hii. Mjane hakuagizwa na mtu, hakutangaziwa kiwango, na hakuahidiwa kitu.

Kanuni iko wazi katika 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Sura inayofuata inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa (9:7).

Nikope ili nitoe?

Hapana. 2 Wakorintho 8:12 imekwisha kukujibu: hukubaliwa kwa kadiri ya ulivyo navyo.

Mimi nimepewa vingi. Je, swali langu ni tofauti?

Ni tofauti, na ni zito zaidi. Aliyepewa vingi kwake vitatakwa vingi (Luka 12:48). Hatari ya mwenye navyo ni kutoa kiasi ambacho hakigusi chochote maishani mwake na bado kikapigiwa makofi. Daudi alipotaka kujenga madhabahu, Arauna alijitolea kumpa bure uwanja wa kupuria, ng'ombe na kuni. Daudi alikataa, akasema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:22-24).

Fedha si kitu pekee. Elimu, jina, kufahamiana na wakubwa, hata nafasi ya kuingia ofisi ambayo wengine hawafunguliwi mlango, vyote vimo. Yusufu wa Arimathaya alitumia heshima yake kumwendea Pilato kuomba mwili wa Yesu wakati ambapo wanafunzi walikuwa wametawanyika, na akatoa kaburi lake mwenyewe jipya (Mathayo 27:57-60). Yoana, ambaye mumewe Kuza alikuwa msimamizi wa Herode, na Susana, na wanawake wengine wengi, ndio waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao (Luka 8:3). Safari zile zilikuwa na gharama, na majina ya waliozibeba yameandikwa.

Ugonjwa au uzee umeninyang'anya nguvu. Nimebaki na nini?

Ana alikuwa mjane mwenye miaka 84 na utumishi wake ulikuwa kufunga na kuomba (Luka 2:36-38). Epafra anasifiwa kwa kuwapigania wenzake katika maombi (Wakolosai 4:12). Fanny Crosby, Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, aliandika nyimbo za kidini zaidi ya 8,000 kabla ya kufariki mwaka 1915.

Mfano huo wa mwisho nautoa kwa uangalifu. Mgonjwa hahitaji kuambiwa kwamba yupo aliyekuwa na hali ngumu na akafanya makubwa. Anaweza kuisikia kama lawama. Paulo anasema viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu zaidi ndivyo vinavyohitajika (1 Wakorintho 12:22), na hakuweka sharti kwamba kwanza vizalishe kitu. Kukubali kuhudumiwa bila uchungu ni kazi ngumu kuliko nyingi tunazoziita huduma.

Naumia nikiona mwenzangu anainuliwa na mimi sionekani. Nifanyeje?

Petro alishaliuliza hili kwa namna yake. Baada ya kuambiwa atakufa kifo cha namna gani, aligeuka akamtazama mwanafunzi mwingine: na huyu je? Yesu akamjibu kwamba hilo halimhusu, yeye amfuate (Yohana 21:21-22). Jibu ni kavu, lakini lina pumziko ndani yake. Na ukitaka mwenzako katika kutoonekana, mtafute Tertio. Ndiye aliyeandika kwa mkono wake Waraka kwa Warumi, Paulo akisema. Ana aya moja tu, 16:22, ya kutoa salamu.

Familia inalalamika kwamba niko kwenye huduma kila wakati. Je, si adui anawatumia?

Wasikilize kwanza. Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao (Marko 7:9-13). Paulo anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Mwenzi wa ndoa na watoto ni sehemu ya ulichokabidhiwa, wala si kizuizi cha utumishi. Yupo mtu mwororo kwa kila mshirika ambaye nyumbani kwake hajulikani ila kwa hasira na kuchelewa. Hilo halihitaji kukemewa pepo, linahitaji ratiba mpya na kuomba msamaha.

Musa aliketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni. Aliyemwambia jambo afanyalo si jema alikuwa baba mkwe, mtu wa familia (Kutoka 18:13-18). Musa hakumshuku. Alisikia, akagawa kazi.

Nimechoka kabisa. Kupumzika ni kurudi nyuma?

Elia alitoka kwenye ushindi mkubwa, kisha akaketi chini ya mti akaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake (1 Wafalme 19:4-8). Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye. Yesu naye aliwaita wanafunzi wake wakapumzike kidogo, wakati watu wakija na kwenda hata wao hawakupata nafasi ya kula (Marko 6:31). Lala. Kula. Kisha ndipo uamue kama unaacha.

Nikitumika kwa bidii, Mungu atanilipa?

Wokovu haununuliwi. Waefeso 2:8-10 inaweka mambo kwa mpangilio wake: tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, na baada ya hapo tumeumbwa tutende matendo mema. Thawabu ipo, Maandiko hayaifichi, lakini anayetumika kama mtu anayekopesha atakata tamaa mapema. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu (Danieli 3:17-18).

Nianzie wapi?

Anza na kilicho karibu na kidogo. Mvulana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili hakutatua tatizo la watu elfu tano. Andrea, aliyemleta, aliuliza hivi vitafaa nini kwa watu wengi namna hii (Yohana 6:9), na kwa hesabu za kawaida alikuwa sahihi. Kugawanya hakukuwa kazi ya mvulana.

Chagua hitaji moja unaloliona kwa macho yako. Mwulize anayehusika kama msaada wako unahitajika, maana wapo wanaohudumiwa wasichokihitaji na wanaona haya kusema. Jipangie muda unaoweza kuutunza; mara moja kwa wiki bila kukosa ni bora kuliko wiki moja ya moto na miezi ya kimya. Usitangaze. Baada ya muda rudi kwa wale unaowahudumia, uwaulize kama inawafaa.

Nilianza, nikashindwa, nikaacha. Je, ninaweza kurudi?

Yohana Marko aliondoka safarini, akawaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia. Paulo alikataa kumchukua tena, na mabishano yalikuwa makali hata yeye na Barnaba wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakasafiri kwenda Kipro (Matendo 15:37-39). Miaka ilipita. Katika barua aliyoandika akiwa kifungoni, Paulo anamwagiza Timotheo aje na Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Ukitaka kurudi, tafuta Barnaba wako kwanza. Na kama wewe ulishawahi kushika mlango mtu asirudi, barua hiyo ya Paulo inakuhusu pia.